Zaburi ya Maji kwa Mahadhi Mengine

Mchukwi, Jumapili, baada ya ibada

Baba,

Zaburi yako ya maji imeimbwa leo, na aliyeiongoza ni mimi. Ndiyo, mimi niliyekuwa nikijificha nyuma ya Mama nikiulizwa jina.

Tangu tukuzike, shule nimemaliza, na mpunga umezaa vizuri. Bibi alinichukua kwake Mtawanya nikachezwa unyago pamoja na wenzangu. Siku ya pili wanawake wakaanza wimbo, nikaganda. Yalikuwa mahadhi ya zaburi yako!

Ulipomsikia Mama akiyaimba huku akipeta mchele, ulidhani anajiimbia tu. Ukayapenda, ukayatilia maneno yako, mizani nane kwa sita, ukihesabu kwa jembe, pigo moja silabi moja. Siku uliyoipeleka kanisani akina mama walijifunika kanga usoni, mabega yanatetemeka. Njiani ukaniambia, "Umewaona, mwanangu? Neno limewagusa, wamelia." Walikuwa wanacheka, Baba. Mama alijua, lakini mambo ya unyago mwanamume haambiwi, hata awe mwinjilisti. Ndiyo maana siku zile alikupakulia chakula bila kukutazama.

Sasa huyu mwinjilisti mpya, aliyeshika nafasi yako, mtu akamnong'oneza. Akasimama mbele yetu, akasema, "Wimbo wa ngoma hauingii kanisani. Zaburi hiyo basi."

Nililia sana. Zaburi zako hazimo katika kitabu cha nyimbo. Zimo katika daftari lako moja na vinywani mwetu, na isiyoimbwa itasahauliwa. Tena hiyo uliitunga mwaka ule mto ulipochukua nyumba yetu:

Maji yangetuzamisha,
Mto ungetula;
Bwana akatuepusha,
Salama twalala.

Kisha nikakumbuka siku moja tuko shambani juu ya dungu tukiamia ndege wasile mpunga. Ulinieleza aliyokuambia bibi mmoja muuguzi, Mwingereza: kwao, zamani, watu walizitia zaburi zote katika mizani, wakaziimba kanisani na nyumbani, na mahadhi yale yale yalibeba zaburi nyingi. Ukasema, "Mzigo ukifungwa vizuri, mwanangu, kichwa chochote kitaubeba."

Nikapanda dunguni peke yangu. Siku tatu nilifukuza ndege na kujaribu mahadhi. Mengine yaliyachekesha maneno yako, mengine yaliyachosha. Mwisho yakakubali yale uliyonifundisha kwanza kabisa, ya zaburi ya mchungaji.

Nikamwendea mwinjilisti. Sauti haikutoka. Nikageukia ukuta, nikauimbia ukuta. Nilipomaliza akasema, "Haya. Lakini mimi siijui. Utaiongoza wewe."

Leo nikasimama na daftari lako. Nikasoma mstari wa kwanza, nikauimba, nikangoja waufuate kama walivyokufuata wewe. Hakuna aliyefuata. Nadhani walikuwa wakiyangoja mahadhi yao. Mara Mama Yohana, jirani yetu, akapaza sauti, "Jamani, mfuateni mtoto! Mmeshonwa midomo?" Watu wakacheka, wakaimba. Mstari wa pili wakaimba kwa nguvu zaidi. Ubeti wa mwisho hawakuningoja.

Na akina mama wakajifunika kanga usoni. Safari hii niliwatazama vizuri. Wamelia kweli, Baba.

Ninapoandika Mama yuko uani anapeta mchele. Anaimba maneno yako kwa mahadhi ya zamani, na hapa nyumbani hakuna wa kumkataza. Maana ya wimbo wenyewe sikuambii, hata huko uliko. Mimi pia sasa ni mmoja wa waliochezwa.

Nitanakili daftari lote, na kila zaburi nitaitafutia mahadhi ya aina mbili, ili ya kwanza yakikataliwa, ya pili yaibebe. Nakuahidi hilo, na sauti ninayo.

Lala salama, Baba, kama ulivyotuandikia.

Mwanao,
Foibe