Wanangu ni Wawili

Studio ya Idowu,
Mokola, Ibadan.
16 Novemba 2023

Mpendwa Kaka Kehinde,

Pokea salamu za nyumba nzima. U mzima huko Winnipeg? Baridi imekuachia masikio au imeshayala? Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua mvua ikinyesha, lakini mdomo wake, Mungu ashukuriwe, hauna ugonjwa.

Kaka, nimekukumbuka mpaka nakasirika. Miaka yote hiyo hujakanyaga hapa! Juzi tulipika yale maharage ya kuwaenzi ninyi mapacha, wewe na Taiwo, kwa mafuta ya mawese, tukawagawia watoto wa mtaani kama kawaida. Nikajikuta nakutengea sahani. Nimeila mwenyewe, kwa hasira.

Picha yako imefika. Ahsante kwa kunitumia faili ghafi, kama kamera ilivyokuona, na si picha iliyokwisha kurembwa na simu. Tatizo ni kwamba programu yangu ya zamani ilikataa kulifungua. Kamera yako ni ya juzi, programu yangu ni kikongwe. Ikabidi nitafute nyingine ya kuhariria, na kazi ya Mama ndiyo ikawa kipimo.

Unajua anachotaka. Surua ilimchukua Taiwo kabla hajapigwa picha hata moja. Ndiyo maana wewe ulipigwa picha peke yako, nayo ikachapwa mara mbili ubavu kwa ubavu, ili pacha wako naye awepo. Picha ile iliharibika paa lilipovuja. Sasa Mama anataka picha yako ichapwe mara mbili tena, ukiwa mtu mzima. "Taiwo naye ameota ndevu," anasema, "usiniletee mtoto."

Mdogo wetu Alaba akashikilia nichukue ile programu ya kulipia kila mwezi, inayofanya kila kitu yenyewe. "Dada Idowu, utahangaika na vitufe mpaka uzeeke?" Nikaijaribu zile siku za bure. Sikufichi, ni nzuri. Ila ilikulainisha uso ukawa kama wa sanamu ya dukani, na kovu lako la paji, lile la kuanguka ngazini, likatoweka. Nikavumilia. Nikatengeneza nakala ya Taiwo, nikamwita Mama aje aone. Mara mashine ikaandika: picha hizi mbili ni moja, nifute moja?

"Inasemaje?" Mama akauliza. Mjinga mimi, nikamsomea.

Weee! Alisimama na goti lake hilohilo. "Iambie wanangu ni wawili! Na takataka hiyo nisiione tena humu!" Alaba akacheka, akala kibao cha mgongo.

Basi nikachukua ya bure, inayotengenezwa na watu wa kujitolea. Ina vitufe hivyo, imenitoa jasho! Lakini haina kimbelembele; usichoiambia haikigusi. Faili lako likafunguka. Nikavipunguza vivuli taratibu mpaka macho yako yakatoka gizani, nikalia palepale mbele ya mteja wa picha za pasipoti. Upande wako kovu nimeliacha. Kwa Taiwo nimeliondoa, maana yeye hakuanguka kwenye ngazi ile. Rangi zake nimezitia joto kidogo, kwa sababu Mama anasema alikuwa mcheshi kukushinda.

Picha imetundikwa sebuleni, nami nikadhani nimemaliza. Kumbe wapi! Kila asubuhi Mama anamsalimia Taiwo, anamweleza nani kaoa na nani kagombana na jirani. Upande wako anaufunika kwa kiganja.

Alaba anakusalimu sana, na Baba Mdogo Akanbi pia, anauliza kama bado unakula vizuri. Mungu akulinde ugenini na akufungulie njia.

Nilikuwa sitaki kukuandikia hili, lakini jana nilimuuliza Mama kwa nini anakufunika. Hata hakugeuka. "Huyu yuko hai, Idowu. Wa kumwangalia pichani ni yule asiyeweza kuja."

Njoo, Kaka.

Mdogo wako akupendaye,
Idowu