Pua ya Baba na Maji ya Bomba

Nyumba ya Geti la Kijani,
Nyuma ya Tangi la Maji.
Jumatano, tarehe 12 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wifi yangu. Natumaini kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona, na wifi amepata zamu ya mchana kama alivyokuwa akiomba. Sisi huku ni wazima. Neno hilo nimelifikiria kabla ya kuliandika, maana wiki tatu zilizopita nisingethubutu.

Sikupigii simu kwa sababu mbili. Simu ya nyumbani Baba huiweka sauti ya juu, akasikia yote. Na nikikupigia kwa simu yangu, ukiona nimeanza kulalamika unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao mbaya, Kaka. Nimempa rafiki yako fundi umeme, anayerudi huko Ijumaa, akukabidhi mkononi. Kaa chini uisome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Kibibi alilazwa. Ndiyo, mwanao. Alihara na kutapika siku nzima mpaka macho yakaingia ndani, akakaa hospitali siku tatu na dripu mkononi. Sasa amepona kabisa, anakula, anagombana na paka, na jana alinikata uzi wa cherehani mara mbili kwa makusudi. Nilikuficha, na hapo nilikosa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeona bora niumbuke mapema.

Alikunywa maji ya kisima. Aliyempa ni Baba.

Najua unajiuliza kisima gani. Ni kile cha zamani nyuma ya karakana, ambacho tulikatazwa hata kuchungulia tulipokuwa wadogo. Baba mwenyewe ndiye aliyetukataza! Sasa amekifunua, amekifunga kamba mpya, na kila asubuhi anakwenda na ndoo mbili. Anachuja kwa kitambaa, hachemshi, kwa sababu anasema maji ya kuchemsha ni maji yenye shaka, na haya hayana shaka. Ya bomba ndiyo yenye sumu. Juu ya bomba letu la uani ameandika SI YA KUNYWA, kwa yale maandishi yake yaliyonyooka ya kazini.

Wewe uliondoka zamani, labda umesahau asubuhi za nyumba hii. Baba alikaa miaka thelathini na moja kwenye mtambo wa kusafisha maji, zaidi ya nusu yake ndani ya chumba cha dawa ya kuua vijidudu. Kila siku kabla ya kuruhusu maji yaende mjini alijaza glasi, akainusa, akaonja, akaitikia kwa kichwa. Tabia hiyo aliileta mpaka nyumbani. Hakuna aliyekunywa kabla Baba hajanusa, na Mama alikuwa akitutania kwamba tusubiri maji yagongwe muhuri.

Basi alipostaafu aliendelea kunusa. Siku moja akasema maji hayanuki dawa tena. Wiki iliyofuata, hayanuki. Mwezi uliofuata, hayanuki. Kwa hesabu yake, kama dawa haimo na bado maji ni meupe, basi wameingiza kitu kingine kisicho na harufu. Na kwa nini watu wapya waingize kitu mara tu yeye alipotoka? Hapo ndipo alipoanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Mwaka haukuisha, Mama akafariki. Kuanzia siku ya mazishi, ile shaka ikawa imani.

Sasa nikuseme wewe. Ile sauti ya yule bwana anayesema miji yote inalishwa dawa kwenye maji ili watu wawe wapole, nani alimtumia Baba? Wewe. Najua ulikuwa unatania, uliweka na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Baba haoni vikatuni, Kaka. Anabonyeza pale pa kusikiliza, basi. Ameisikiliza mpaka naijua kwa moyo. Na kila Jumapili akikueleza habari za maji unamwambia, "Ndiyo Baba, hata huku yanasemwa." Unakata simu, unaenda kulala na raha zako. Mimi ndiye ninayebaki na ndoo.

Usidhani nilikaa kimya. Kibibi aliporudi kutoka hospitali nilikwenda mpaka kwenye mtambo, nikamwomba yule msimamizi mwenye miwani aje nyumbani. Huyo ni mwanafunzi wa Baba, alimfundisha kazi tangu hajui kushika spana. Alikuja kwa heshima zote, akavua viatu mlangoni, akamwachia Baba afanye kipimo kwa mikono yake mwenyewe. Unajua kile kipimo, unatia kidonge kwenye kichupa, maji yenye dawa yanageuka waridi. Maji ya bomba yakageuka waridi, rangi ileile iliyo kwenye kadi ya kipimo. Ya kisima yakabaki kama yalivyo, yaani hayana chochote cha kuua vijidudu. Niliketi pale nikiomba moyoni, nikasema leo yameisha.

Baba aliinua kile kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa muda. Halafu akasema rangi kama hiyo hata yeye anaweza kuitengeneza, na kama yeye anaweza, wao pia wanaweza. Na vidonge si vya kwao? Akamshukuru kijana wake kwa kuja, akamsindikiza mpaka getini, akarudi kuchukua ndoo.

Nilichoka, Kaka. Nilikuwa nadhani mtu anaamini uzushi kwa sababu hajui. Baba anajua kuliko sisi sote, na ujuzi wake ndio aliogeuza kuni. Kila ushahidi niliompelekea alijua namna ya kuughushi. Majirani nao, nani atabishana na mtu wa chumba cha dawa? Nyumba sita za mtaa huu zikaanza kuchota kisimani. Fundi viatu wa pale kona, ambaye hata kutabasamu hajui, alinijibu kwa msisitizo kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilimwambia linalokuja ni kipindupindu.

Nyumbani tukawa hatusemezani. Mimi nikijaza mtungi maji ya bomba niliyochemsha, yeye anaumwaga kwenye maua. Nikificha ndoo zake, anaazima. Nilianza kwenda na Kibibi kila mahali, hata kwa wateja kupima nguo, kwa sababu niliogopa kumwacha na babu yake mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko yote. Mtoto anampenda yule mzee kupita kiasi.

Alhamisi iliyopita nilitoka dakika chache tu kununua vifungo dukani. Kibibi nilimwacha amelala chumbani. Niliporudi, mlangoni tu nikapigwa na harufu ya gesi. Ni mimi niliyekosea, nilichemsha maji asubuhi sikufunga jiko vizuri. Nikakimbilia jikoni. Baba amesimama mbele ya jiko, kiberiti mkono mmoja, njiti mkono wa pili, anataka kujipikia chai. Kibibi ameshaamka, ameketi mezani nyuma yake, ameziba pua.

Nilimdaka mkono. Sijawahi kumshika Baba kwa nguvu maishani mwangu. Akaniuliza kama nimepata wazimu. Nikamuuliza hasikii harufu? Akasema harufu gani. Nikafunga jiko, nikafungua madirisha. Kibibi ndiye aliyesema:

"Babu, kunanuka vibaya. Nimekwambia ukanyamaza."

Baba aliweka kiberiti mezani taratibu sana, akakaa.

Kaka, ungemwona. Hewa ilipokuwa safi, alisimama akaanza kazi. Alitoa kitunguu, akakikata, akanusa. Siki. Mafuta ya taa. Sabuni ya kufulia. Ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, inayonuka kama chumba chake cha zamani, akaileta puani mpaka nikamvuta mkono. Alivipanga mezani kwa mstari, akarudia kuanzia mwanzo. Hakuna. Sijui ni uzee au ni miaka ile ya dawa, pua ya Baba ilikufa, na ilikufa kidogokidogo bila kumuaga. Maji hayakubadilika hata siku moja. Ni yeye.

Nikadhani basi, sasa ukweli ameushika kwa mikono yake. Mchana nikamwekea glasi ya maji ya bomba kando ya sahani. Akaisogeza pembeni. Akasema pua ni yake na maji ni yao, pua kufa hakuwafanyi wao kuwa watu wema.

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia karibu amzike mjukuu wake mara mbili, kwa maji na kwa moto. Mwisho nikamuuliza, na niliuliza kwa ukali, maji yakiwa mazuri yeye atapoteza nini.

Alinawa mikono bila kumaliza chakula. Kisha akasema:

"Maji yakiwa mazuri, mama yenu nilimuua mimi."

Akaendelea kwa sauti ya chini kwamba Mama alilalamika kichwa miezi minne. Kila alipolalamika, yeye, ile shaka ikiwa bado maneno tu, alijaza glasi, akainusa, akampelekea kitandani, akamwambia anywe, kichwa ni ukavu tu, maji ni dawa. Hakumpeleka kupimwa presha. Daktari alipokuja kusema figo zimekwisha kwa presha ya muda mrefu, Baba alisikia jambo moja tu, ile glasi. Ama maji yalikuwa na sumu, ama yalikuwa safi na yeye alimchelewesha mkewe. Alichagua sumu. Wewe ungechagua nini?

Miaka miwili nimekuwa nikibishana naye habari za vidonge na rangi, kumbe hatukuwa tunabishana habari za maji hata kidogo.

Nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama aliniletea magauni yake nimpanulie. Nilipanua mishono, baada ya wiki chache akaniletea tena, nikapanua tena. Nilimtania kwamba uzee umempenda, ananenepa. Ulikuwa uvimbe, Kaka. Mimi fundi, ninayejua mwili wa kila mteja kwa kumtazama akiingia mlangoni, nilipima uvimbe wa mama yangu kwa futi, nikauandika kwenye daftari, na nikacheka. Baba alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Alivuta kiti chake karibu na changu, tukakaa hivyo mpaka Kibibi akaja kutuuliza kama tumeadhibiwa.

Sasa nakuja kwako, na sina namna ya kulipamba. Siku ile ya mazishi, nyuma ya nyumba, uliniambia Mama alikupigia kukueleza anakosa pumzi, ukamjibu apumzike, utampeleka mwenyewe hospitali ukija likizo. Uliniapisha nisimwambie Baba, nami sijamwambia. Sikurushii jiwe, nimekuonyesha la kwangu. Lakini nadhani ile "ndiyo Baba" yako ya kila Jumapili haitoki kwenye heshima peke yake. Sumu imekusitiri na wewe.

Jumapili atakupigia kama kawaida. Atakuuliza kama yanasemwa na huko. Usimwambie ndiyo. Usimpe na hotuba ya sayansi, ameshazisikia. Mwambie ile simu ya Mama. Mzigo ule anaubeba peke yake, na hatautua kwa kuonyeshwa kichupa cha waridi. Atautua akijua tuko watatu chini yake.

Na ufanye haraka. Zile nyumba sita bado zinachota, na hakuna watakayemsikiliza kumpita yeye.

Jana asubuhi nilikuwa kwenye cherehani. Baba akaja na glasi ya maji kutoka bomba la uani, akasimama mbele yangu kama mteja mwenye aibu. Akasema, "Ninusie."

Nikanusa. Nikamwambia inanuka dawa. Akauliza kidogo au sana. Nikasema kidogo. Akasema ndivyo inavyotakiwa, kwa ile sauti yake ya kazini ambayo sijaisikia tangu Mama yupo, akampa Kibibi, na Kibibi akanywa yote. Leo pia amekuja. Nimenusa, mtoto amekunywa.

Halafu amejaza glasi ya pili, ya kwake, ameiweka mezani mbele ya kiti chake. Hajaigusa. Ipo pale sasa hivi ninapoandika, na yeye amekaa anaitazama. Nadhani inakungoja wewe.

Nisalimie sana wifi, umwambie mwanawe ameota jino la nyuma na anauliza mama yake anarudi lini. Kibibi anakusalimu, Baba anakusalimu bila kujua kwamba naandika, na hata yule fundi viatu mnuna wa kona ameuliza habari zako. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na Jumapili akupe ulimi.

Ni mimi, mdogo wako nikupendaye hata nikikuchukia,

Kiherehere
(jina ulinipa mwenyewe, usilalamike)