Nimezika Koti la Ngozi la Baba Mkwe

Shikamoo mshauri, nisaidie kabla nyumba yangu haijasambaratika. Mimi ni mke na mama, nafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, na mwaka huu nimeamua kuvaa nguo zisizomwonea mtu wala mnyama wala mazingira, kwa hiyo viatu vya ngozi nimegawa, sweta za sufu nimegawa, nikaagiza nguo za pamba zenye lebo inayosema aliyezishona alikuwa na furaha, na nilikuwa na amani kabisa mpaka nilipofungua kabati la mume wangu nikakutana na koti la ngozi aliloachiwa na marehemu baba yake, ambaye alikuwa dereva wa lori na alilivaa safari zote, na mume wangu hulipaka mafuta kila Jumapili kama mtoto. Sasa mshauri, kuligawa safari hii niliona ni kumhamishia mwingine dhambi, kulitupa ni kumdharau ng'ombe, basi mume alipokuwa kazini nikalifunga kwa shuka, nikachimba nyuma ya tangi la maji, nikalizika kwa heshima zote. Jioni koti halionekani, mume akamgeukia shemeji yangu, mdogo wake tunayeishi naye, maana zamani aliwahi kuuza redio ya nyumbani, akamwambia, "Umeuza hata baba?" Shemeji akaapa, akalia, mume hakumsikiliza, amempa mpaka Jumamosi awe amehama, na mimi nilikuwa hapo hapo nakata vitunguu, nikaendelea kukata. Nimwelezeje mume wangu habari za haki za wanyama anielewe?

Mimi, Dhamiri Safi

Dada Dhamiri Safi,

Pole, na hongera kwa mazishi. Ng'ombe huyo alikufa kabla hujaolewa, na kwa habari nilizonazo bado hajafufuka. Koti lililovaliwa na baba, likavaliwa na mwana, ndiyo hiyo nguo ya kudumu unayoitafuta madukani. Ulikuwa nayo kabatini, ukaifukia, baada ya kuagiza mpya zilizokuja kwenye mfuko wa plastiki. Usibishe, mimi pia huagiza.

Unasema nguo zako hazimwonei mtu. Na aliyezivaa je, hamwonei? Umemsikitikia mshonaji usiyemjua hata sura, na kijana anayekula meza moja na wewe ukamwacha abebe msalaba wako. Hana lebo, pengine ndiyo maana hukumwona. Najua uliogopa, na ningekuwa mimi huenda ningekata vitunguu vya mtaa mzima. Lakini woga wako usimfukuze mtu nyumbani.

Chukua koleo leo, usisubiri Jumamosi. Fukua, futa udongo kwa kitambaa kikavu, usilianike juani. Na usilirudishe kabatini kimyakimya ukajifanya limeonekana, maana nakujua. Waite wote wawili sebuleni, uweke koti mezani na udongo uliobaki, uanze na shemeji: "Hukuchukua wewe. Nilichukua mimi, nikakuacha ukilia." Mume atafoka, mwache afoke. Haki za wanyama utazieleza mwakani, ukiulizwa.

Huenda utakuta limeoza. Basi mume wako atakuwa amempoteza baba yake mara ya pili, na hilo ni lako, utaishi nalo. Lakini mdogo wake bado hajafunga mzigo.