Hatuapi kwa Miti

Mokeira, niko ofisini, naandika haraka kwa taipureta. Soma hii halafu uichome.

Ile miche ya mikaratusi tuliyong'oa pale chemchemini, sisi akina mama wa kanisa, na wewe ukiwa mbele? Naibu chifu ameitisha baraza leo hapa Nyaramba kwa ajili yake. Na unajua miche ilikuwa yake.

Akauliza ni nani aliyeing'oa. Watu wakatazama chini. Nikajua tumepona.

Nikajua tumepona, Mokeira!

Ndipo akasema, "Sawa. Jumatatu kila mtu ataapa mbele ya omotembe, mti wa viapo, kama baba zetu. Atakayedanganya, kiapo kitamla."

Na mimi, mjinga mimi, nikasimama. Hakuna aliyeniita! Nikasema, "Sisi Wasabato hatuapi kwa miti."

Sisi. Nilisema sisi!

Drusilla, aliyeketi kando yangu, akanivuta gauni, lakini nilikuwa nimeshasema. Nilitaka kuongeza kwamba mikaratusi inakunywa maji ya kijiji kizima, kwamba siku hizi tunakinga mtungi mpaka miguu inakufa ganzi. Nikaketi.

Hakukasirika. Hapo ndipo nilipoogopa. Alitabasamu, akavaa kofia yake, akaniambia polepole kwa Ekegusii, kwa heshima kama anamsalimia mama mkwe:

"Basi msiape, mama. Siku ya kanisa nitawapata wote chini ya paa moja."

Mokeira, kesho ni Sabato.