Chimni Yetu ya Keringet

Binti yangu Cherono, kifungua mimba wangu,

Nimekasirika, na nimeamua kukuandikia barua hii watu wote waisome, kwa sababu nikikupigia simu unasema uko kazini. Kazini wapi? Si ni huko Uingereza unakolinda nyumba kuukuu za wenyewe zisiguswe. Keringet nzima inaijua kazi hiyo, na ni mimi niliyewatangazia. Sijawahi kukaa kwenye harusi nikanyamaza. Nawaambia mzungu hawezi kubadilisha hata dirisha la babu yake kabla hajamuuliza msichana wangu. Mimi wa darasa la saba, nimezaa mtu kama huyo.

Sasa ni wewe kweli uliyemtuma fundi aje abomoe nyumba yetu?

Alikuja Jumanne na ngazi na nyundo kubwa. "Mathe, tumetumwa na Cherono. Ni sapraizi, unajengewa ghorofa. Tunaanza na chimni." Kabla sijafunga leso vizuri, ameshapanda juu, nasikia anagonga. Nikawasha moto pale sebuleni, chini ya chimni hiyo, nikatupia matawi mabichi ya saipresi. Moshi ukapanda, naye akaanza kukohoa huko juu.

"Mathe, unanichoma kama mahindi!"

"Teremka unywe chai."

Akateremka macho mekundu, akala viazi vyangu. Halafu akaniuliza kama huwa niko hivyo siku zote. Nikamwambia amuulize aliyemtuma.

Unakumbuka nilipokuja huko kukutembelea, ukanipeleka kwenye kile kijiji chao? Ile nyumba imelalia upande mmoja, mlango mfupi mpaka nikavua kilemba. Wewe ukaanza kunong'ona kama uko kanisani. Ukanionyesha boriti zilizopinda na mawe yasiyolingana, na ukuta mweusi tititi juu ya mahali pa moto. Nikanyoosha mkono. "Usiguse ukuta, mama." Nikauliza mbona hawapaki rangi. Ukanicheka, ukasema moshi huo ndio historia yao. Niliwasimulia wenzangu wa kikundi cha akina mama maneno hayo mpaka wakachoka.

Na moshi wetu ni uchafu? Mbele ya moto huu ndipo nilipokuogesha, baridi ya Julai ikipenya kila dirisha. Hapo hapo uliokota kipande cha mkaa ukachora ukutani nyumba yako ya kwanza, chimni kubwa kuliko mlango. Marehemu baba yako alitaka kuipaka chokaa, tukakosana. Bado iko, nyuma ya kabati. Fundi wako ndiye angeiangusha.

Mwaka jana uliniambia hii ni nyumba ya mkoloni na inakuaibisha. Ni kweli, mzungu ndiye aliyelala ndani. Lakini mawe haya aliyachonga babu yako, akayapandisha mpaka juu, kisha akawa anapokelea mshahara kwa mlango wa jikoni. Siku mzungu alipoondoka tukakabidhiwa shamba na nyumba yake, nilikuwa bado bibi arusi. Nilimwona babu yako akiingia kwa mlango wa mbele na kiti chake mkononi. Aliketi karibu na moto, akatazama moshi ukipanda kwenye chimni, akasema tu, "Inavuta vizuri." Hakutoka hapo mpaka jioni. Wewe unaona aibu gani hapo ambayo yeye hakuiona?

Najua unanipenda, na ghorofa ulinitakia kwa moyo safi. Hasira yangu haijapungua hata hivyo. Kuna mawe mawili yameanguka, na fundi ameahidi kuyarudisha kwa sababu ngazi yake nimeifungia stoo. Ukitaka chimni iondoke, usitume mtu. Njoo upande mwenyewe. Nitakuwa chini na matawi mabichi.

Jumapili nitaenda kanisani kama kawaida, na wataniuliza habari zako, nami nitawaambia msichana wangu analinda nyumba. Usinifanye mwongo.

Mamako,
ambaye bado anaishi ndani ya nyumba hii.