Kupe wa Subira

Jumatatu, 24 Februari 2025
Sindano ya pili imeisha. Ng'ombe ishirini na wanne, Kyimo nzima kwa miguu. Mkono hauinuki!

Nusu wamepata chanjo, nusu maji ya chumvi tu. Nani kapata nini sijui. Hata mkuu wetu, Daktari Jairo, hajui – orodha imefungiwa. Wafugaji wananiuliza ni chanjo ya nini. Nawaambia: tumboni mwa kupe mna vijidudu vyake, anavihitaji ili akue. Ng'ombe akichanjwa, damu yake inavipiga vita. Kupe akinyonya, tumbo lake linavurugika. Labda hata ndigana, homa ya kupe inayoua ng'ombe, atashindwa kuibeba. Labda! Ndiyo tunayotafuta.

Kwa wakwe nilifika mwisho. Baba mkwe alipoona ovaroli langu kwenye migomba, akapita nyuma ya banda. Wazee wetu bado wanaishika mila: mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Miaka tisa tangu Lugano anioe, sijawahi kumwona usoni. Mama mkwe ndiye aliyemshika kichwa Subira, ng'ombe wao. Mara sauti ya mzee nyuma ya ukuta, kwa lafudhi yake ya nyumbani:

"Subila, mwambie asikuchome palepale pa siku ile. Pamevimba."

Nikahamia upande wa pili. "Nimesikia, Subira," nikamjibu ng'ombe. Mama alicheka mpaka akajishika kiuno.

Jumatatu, 3 Machi
Kuanzia leo hakuna kuogesha kwa dawa ya kupe, wiki sita. Bila hivyo hatutajua kitu. Mama anasema mzee hakula alipoambiwa. Ng'ombe mwenyewe ndiye huyo huyo mmoja, na ana mimba ya miezi saba. Wawili wa mwanzo walikufa kwa ndigana. Lakini akasema: kama ni kazi ya mkamwana, basi na iwe.

Neno hilo limenikaa kifuani.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua, mvua, mvua. Nimeokota kupe masikioni mwa Subira, nikawapima. Wadogo! Jike aliyeshiba huwa kama punda... kama punje ya hindi, nimechoka mimi. Hawa kama mtama, wamesinyaa. Nilitaka kupiga vigelegele. Nikanyamaza – kupe wa ng'ombe mmoja si jibu. Ila nadhani niliimba kidogo, maana nyuma ya ukuta:

"Subila, leo kuna furaha gani humo?"

Jumatano, 2 Aprili
Mama kapiga simu saa moja asubuhi. Subira hali majani. Pikipiki imezama kwenye tope mara mbili.

Homa 41.2. Tezi la chini ya sikio limevimba kama yai. Ndigana.

Utaratibu: nichukue damu, mkuu aruhusu, ndipo nitibu. Akishatibiwa anatoka kwenye utafiti. Daktari yuko Mbeya, simu haipatikani. Nimepiga mara sita. Subira akaanza kukohoa. Sikusubiri tena, nikamdunga dawa. Waniandikie barua ya onyo wakitaka.

Baba mkwe alikuwa nyuma ya ukuta muda wote. Hakusema na ng'ombe hata neno moja. Njiani nimelia.

Alhamisi, 3 Aprili
Daktari kapiga. Hakugomba. Kasema nimefanya sawa, ila ningemwachia ujumbe. Kwa kuwa Subira ametoka, wamemfungulia siri yake: alipata chanjo. Chanjo yenyewe!

Sijui nifurahi au nilie. Kupe wamesinyaa kweli, na ndigana imeingia vilevile. Wakwe nitawaambia nini? Lugano anasema baba hapendi kufichwa, niseme tu.

Homa 40.4. Anakunywa maji. Kula, hapana.

Ijumaa, 4 Aprili
Dawa ya mara ya pili leo. Mama yuko msibani Masoko – wa kumshika Subira hayupo. Nilijaribu peke yangu, akanisukuma hadi kwenye hori. Nikasimama na sindano yangu kama mjinga.

Mara nikasikia viatu vya mvua. Baba mkwe kaingia. Ndani kabisa! Kavua kofia, kamkumbatia ng'ombe shingo, uso kaugeuzia ukutani. Nikadunga.

Nilianza, "Subira, mwambie..." Sikuweza. Nikasema na mzee mwenyewe.

"Alipata chanjo, baba. Na bado ameugua. Mimi ndiye niliyewaomba mumtoe achanjwe."

Bati lilikuwa linapiga kelele kwa mvua, nikadhani hakusikia. Kisha akageuka. Ana macho ya Lugano! Yale yale.

"Na mimi ndiye niliyekubali," akasema. "Kaa, mwanangu. Tumwangalie wote."

Naandikia hapa hapa, juu ya gunia. Homa 39.8. Subira amelala, ndama aliye tumboni anacheza, ubavu unatikisika, tunaona wote wawili. Majani hajagusa. Baba anachana jani la mgomba nyuzi nyuzi, anamsogezea mdomoni. Amelinusa. Baba ameacha kupumua, na mimi pia –