Nukta za Bawa la Kulia

Athmani,

Salamu nilikutolea kaburini siku ya arubaini, na jibu silidai, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye habari. Jana niliitoa ndege nje. Leo tangu asubuhi sikai. Nimefungua redio ya mteja, nimeifunga, nimeifungua tena, sijui hata ilikuwa inaumwa nini. Nimetoka mlangoni mara saba kutazama mbingu ya Changamwe kama mtu anayengoja mgeni. Basi nimeona nikuandikie, maana ugomvi wetu uliuacha katikati. Uliondoka kabla hatujajua nani mwenye haki, na mimi hesabu ikibaki bila jibu hunitafuna.

Hebu nikukumbushe ilivyokuwa, usije ukajifanya umesahau.

Ndege yetu ilikuwa ya mfano, kipimo moja kwa sita. Ile ya kweli, ndogo, ya mabawa ya juu, inayopeleka watalii Lamu, ulikuwa ukiipakia mizigo pale uwanjani kila siku, na ukaipima kwa utepe wa fundi cherehani wakati wenzako wanakunywa chai. Bawa hadi bawa, mita kumi na sentimita tisini na mbili. Yetu ikatoka sentimita mia moja na themanini na mbili. Mbavu tulizikata kwenye mbao nyembamba za masanduku ya chai, ngozi ikawa karatasi ya manila. Mwili ulikuwa kazi yako. Injini na mtambo wa redio kazi yangu, mimi niliyejifunza redio kwa kuzivunja, bila mwalimu wala cheti. Miaka miwili, kila Jumamosi, ukumbini kwako Jomvu Kuu, pazia la ndani limeshushwa. Nyuma ya pazia mkeo Mwanaisha akitupitishia chai kwa mkono tu: naona sinia, naona vidole vyenye urembo mweusi wa piko, basi.

Halafu ukaanza mambo ya ribiti. Ndege ya kweli ni bati lililoshikwa kwa ribiti, vile vijipini vya chuma vyenye kichwa, na wewe ukataka kila ribiti ionekane kwenye yetu: tone la gundi ya seremala, dogo kuliko punje ya ufuta, likishakauka linapakwa rangi. Ulikuwa umezihesabu ukaziandika daftarini. Za bawa la kushoto tu, kwani la kulia lilielekea dirisha la bosi wako. Kila Jumamosi nikija nakuta safu mpya, zimenyooka kama zimepigwa rula, na nikikuuliza unazitia saa ngapi unacheka. "Mkono wangu huo, Hamisi. Wewe endelea na nyaya zako." Nami nikakusifu. Kumbuka hilo. Nilikusifu mpaka kwa wateja wangu, nikisema nina rafiki Jomvu ana mkono wa malaika.

Siku mkia ulipokwisha, nikaupima kwa mizani ya sonara. Gramu arubaini na nane zimeongezeka, za gundi, rangi na taa ya uwongo uliyoibandika mkiani. Nikakwambia: mkia uko sentimita sabini na tano nyuma ya mahali ndege inapokaa sawa, na pua iko ishirini na tano mbele. Gramu moja ya mkia inataka gramu tatu za madini ya risasi puani. Gramu mia moja na arubaini na nne za risasi, Athmani, kwa ajili ya madoadoa! Itapaa vipi? Itashuka vipi?

Ukasema, "Si usogeze betri yako mbele?"

Nikasema betri haisogei. Nilikuwa nimeijengea kijumba chake nyuma ya viti, nyaya zimelala kama nywele zilizosukwa, swichi imekaa pale pale penye mlango. Kazi safi kuliko yoyote niliyowahi kuifanya. Nikapaza sauti. Nikasema madoadoa yale ni kazi ya mtu asiye na kazi. Nikasema, "Nipe msasa niyafute yote." Ukainyanyua ndege, ukaingia nayo ndani, ukarudi mikono mitupu. "Huigusi." Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu. Siku kumi na moja baadaye ikakushika homa, siku nne tu. Nilikuwa miongoni mwa waliokubeba. Bega langu likaujua uzito wako, na hata pale, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiwaza gramu.

Hitima ilipokwisha nikamwendea mama yako. Nikamwamkia Bi Nuru vizuri, akaitikia vizuri, nikamuuliza habari ya ndege. Wallahi nusura anipige kwa kata.

"Weye Hamisi! Udongo haujakauka, waniuliza ndege? Mke wa mtu yumo edani, na ndege i juu ya kitanda chake. Utaingia weye uitungue?"

Kumbe ulikuwa umeitundika kwenye boriti za chumba chenu. Eda miezi minne na siku kumi, na kwa miezi ilivyoandama zikawa siku mia moja na ishirini na nane. Nilizihesabu zote. Rimoti ninayo dukani kwangu, ndege iko kwenu, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli. Nikawa nawasha rimoti, navuta kijiti kushoto, nasukuma kulia, na hakuna kinachojibu. Masika ikaingia. Nikaanza kuwaza unyevu, manila kulegea, mbavu kupinda. Nikapita na baiskeli nje ya nyumba yenu mara ngapi sijui, sina sababu, natazama bati la paa kama litanieleza kitu. Nikamtuma Bi Nuru aulize kama mabawa yamepinda. Jibu likaja: "Mwambie ndege hajambo, na yeye aende akafanye kazi."

Ukweli nilichokuwa nakitaka si ndege, Athmani. Nilitaka kukuthibitishia. Nilitaka niisawazishe, niirushe, ianguke kwa uzito wa mkia, nije nikuambie: unaona? Au iruke, nije nikuambie hilo jingine. Lolote. Ila tusiachane na "huigusi".

Eda ikaisha, nikangoja siku mbili kwa heshima, nikaenda na mkoba wangu. Mwanaisha alikuwa ameketi ukumbini na buibui lake, Bi Nuru kando yake, na ndege iko mezani. Miaka miwili sijapata kumwona zaidi ya vidole. Nikatoa pole upya, nikaitazama ndege.

Bawa la kulia ulikuwa umeliacha tupu. Nalijua bawa lile, manila nyeupe, hakuna hata nukta. Sasa limejaa ribiti toka ukingo hadi ukingo, safu zile zile, mkono ule ule. Nikaanza kuzihesabu kwa kidole. Maiti hatii gundi.

"Wahesabu nini, shemeji?" Mwanaisha akaniuliza. "Ni elfu moja mia mbili na nane. Sawa na la kushoto. Ningeliwacha tupu, ingelala upande mmoja."

Nikatazama vidole vyake. Havikuwa na piko, mjane hapaki. Hapo mambo yote yakanijia kwa pamoja, nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Yeye akinisomea daftari," akasema, "mimi natia kwa kijiti changu cha piko. Akasema tusikwambie, utaanza kuupima mkono wa mwanamke kwa mizani."

Nikauliza kama kazi ile yafaa edani. Bi Nuru akadakia: "Hina mjane hapaki, piko hapaki, manukato hajitii. Gundi hakuna aliyeitaja, na mimi sikumuuliza mtu!" Akacheka peke yake.

Mwanaisha hakucheka. "Nalikusikia siku ile," akasema. "Mtu asiye na kazi. Msasa umekuja nao?"

Ulikuwemo mkobani, Athmani. Karatasi mbili, mpya. Nikasema la, sikuja nao. Nimemdanganya mjane wako siku ya kwanza kuongea naye uso kwa uso, na sababu ni wewe.

Akanipa ndege niende nayo. Kwa sharti moja: ikiruka, naye awepo. Nikaifunga kwa kanga mbili, nikaisukuma na baiskeli hadi Changamwe, sikuipanda. Siku ya kwanza sikuigusa. Siku ya pili nikaweka vidole viwili chini ya mabawa, sentimita tisa kutoka ukingo wa mbele, na mkia ukaanguka kama nilivyosema. Nikafurahi. Nakuambia kweli, nilifurahi, kwa muda wa kama pumzi mbili. Kisha nikachukua penseli.

Betri yangu ina gramu mia moja na ishirini. Kutoka nyuma ya viti hadi chini ya tangi la mafuta ni sentimita thelathini. Zidisha: elfu tatu na mia sita. Mkia, arubaini na nane kwa sabini na tano. Elfu tatu na mia sita. Haipungui, haizidi. Bila risasi, hata gramu moja.

Hesabu ya darasa la saba. Ningeifanya ukumbini kwako Jumamosi ile ile, chai haijapoa. Sikuifanya kwa sababu nilihisi jibu lake, na sikutaka kukivunja kile kijumba changu kizuri ambacho hakuna mtu angekiona mlango ukishafungwa. Nikakivunja. Jioni moja nyaya zote nimezing'oa, nikazipeleka mbele, zimekaa vibaya, swichi sasa unaitafuta kwa kidole. Nikaweka vidole tena chini ya mabawa. Ikakaa. Ikatulia kama imelala.

Jana, basi, maji yamekupwa, uwanda wa chumvi nyuma ya Jomvu Kuu umekauka juu. Bi Nuru na mwavuli, Mwanaisha kando yake. Nikiwasha injini, pangaboi la puani likanipiga kidole. Nilikuwa nimekadiria itakimbia hatua sitini ndipo inyanyuke. Ilinyanyuka hatua ya thelathini na moja. Nikaizungusha juu ya mikoko, ikalala bega, ikarudi, na mzee mmoja aliyekuwa akipita njiani akasimama: "Ndege ya Lamu leo mbona imeshuka chini hivi?" Athmani! Aliidhani ya kweli. Kwa madoadoa yale.

Dakika sita na sekunde arubaini. Kushuka, gurudumu likaingia kwenye tope laini, ikajiinamia, ncha ya bawa la kulia ikaburura chini. Watu wakaja mbio, watu wa Jomvu unawajua, kila mtu ana swali. Mmoja akauliza nani aliyeitengeneza. Nikajibu bila kufikiri, "Marehemu Athmani." Mwanaisha alikuwa amechutama, anapangusa tope kwenye bawa kwa ncha ya leso. Hakuinua kichwa. Akaendelea kupangusa.

Nikakukasirikia upya. Uliuvaa mkono wake miaka miwili, nami nikakusaidia kuuvaa, na pale nilikuwa nakuvika tena. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "La, nimekosea. Injini mimi. Mbao marehemu. Hizi ribiti zote, toka puani hadi mkiani, ni za shemeji yangu huyu." Wakamgeukia. Hapo akainua kichwa, akaniambia, "Zimetoka sitini na moja. Bawa nitaondoka nalo leo, nizirudishe."

Ameondoka nalo, na mimi hapa nimebaki na ndege ya bawa moja mezani, ndiyo sababu sikai.

Kuhusu betri ulikuwa na haki. Nimeliandika hapa kwa mkono wangu, sitalirudia. Kuhusu Mwanaisha sijakusamehe, na nikikusamehe nitakuja kukuambia mwenyewe. Naahidi hivi: kila itakaporuka, na kila atakayeuliza, nitataja jina lake kwanza, kisha lako, kisha langu.

Mungu akupanulie ulipo, ndugu yangu. Kwaheri.

Hamisi